Hadithi Tu?

Kuna kauli moja ya sisi wapenda fasihi imenichosha: eti kijiji kisicho na kitabu hakina historia, kina "hadithi tu". Anayeamini hivyo aende Katuruka, kule Maruku, Bukoba Vijijini.

Pale palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kuwa wahunzi wa kale walifanya kazi hapo, na kwamba ndipo ilipokuwa ikulu ya Omukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara karne ya 17. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, aliwasikiliza kwanza, ndipo akachimba. Akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Angalia mpangilio huo: simulizi ilitangulia, jembe likafuata. Ile "hadithi tu" ndiyo iliyojua pa kuchimba.

Utaniambia simulizi huongezwa chumvi. Kweli. Vitabu je, haviongezwi? Chumvi ikizidi humwagi chungu kizima. Unamtafuta msimulizi wa pili na wa tatu, unalinganisha. Profesa M. M. Mulokozi alizichukua tendi za enanga za Wahaya, zinazoimbwa kwa ala ya nyuzi, akaziandikia tasnifu ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Alizisoma kama fasihi, basi. Wengine tunasubiri nini?

Maana muda hatuna. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligundulika hapahapa Kagera. Ugonjwa ule ulizika waliokuwa wasimulie, ukazika na waliokuwa wapokee. Wajukuu wengi walilelewa na bibi zao, na bibi hao nao wanaisha.

Na tusimsingizie mzungu wala serikali peke yao. Mimi ni mtu wa Muleba, mwandishi wa habari. Kinasa sauti changu nimekiwasha mbele ya wakubwa wengi waliosema maneno ambayo hata wao wameshayasahau. Bibi yangu, aliyejua kila kilima cha kwetu kilipataje jina, amefariki sijakiwasha mbele yake hata siku moja. Kila akianza nilimwambia, "Bibi, kesho." Nilikuwa na riwaya ya kumaliza.

Desemba hii tutarudi tena nyumbani kula Krismasi na senene. Tutapiga picha migombani, tutaziposti. Simu hiyohiyo inarekodi sauti. Mwamkie mzee, kaa chini, muulize kilima kile kwa nini kinaitwa vile. Akianza kujibu, usimkatishe. Na usimwambie kesho.