Gari la Familia na Hewa ya Arusha

Anunuaye gari la familia lililoinuka kiasi, mathalani Toyota RAV4 iliyokwisha kutumika Japani, aghalabu hulijaribu Dar es Salaam, karibu na usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Arusha jaribio hilo halitoshi. Mji huu upo kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Injini isiyosukumiwa hewa kwa tabochaja hupata oksijeni pungufu. Nguvu hupungua vivyo hivyo. Kwa maoni yetu, anayenunua au kukodi alipakie watu watano, apande nalo Ilboru, chini ya Mlima Meru. Rangi na redio vyaweza kungoja. Kisha akague kichujio cha hewa: vumbi la udongo wa volkano hukiziba mapema.