Wapelelezi wa Maradhi Wawekwe Visiwani

Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia, na watu wengine 78 wakalazwa hospitali. Walikuwa wamekula nyama ya kasa. Chanzo hicho hakikupatikana kwa kubahatisha. Walitokea watu walioulizia nani amekula nini, lini na wapi, na vipimo vya maabara vikathibitisha.

Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo. Daktari humtibu mgonjwa aliyelala mbele yake. Mpelelezi wa miripuko ya maradhi huutibu mtaa mzima. Huhakikisha kwanza kwamba mripuko upo kweli, huandika orodha ya wagonjwa kwa siku, mahali na umri, kisha huwalinganisha na majirani zao waliosalimika. Tofauti baina ya makundi hayo mawili ndiyo humwonyesha kisima, chakula au safari iliyoleta balaa.

Elimu hiyo si ngeni kwetu. Kipindupindu kilipoivamia Unguja mwaka 1869 na 1870, Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi hapa, aliifuatilia njia ya maradhi hayo kwa kukusanya habari za majahazi na misafara ya bara, akazichapisha kitabuni mwaka 1876. Maradhi hayo yaliporudi mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi, watu 411 waliugua na 51 wakafa, yaani takriban mmoja katika kila wanane. Mgonjwa wa kipindupindu akiwahiwa na kutibiwa ipasavyo, hafi hata mmoja katika mia. Kwa hiyo kuchelewa kujua ndiko kunakoua.

Mwaka 2008 Tanzania ilianzisha mafunzo ya wataalamu hao, ya miaka miwili, kwa kushirikiana na Muhimbili. Katika mafunzo ya namna hii robo tu ya muda hupita darasani. Uliobaki hupita kazini, vijijini na maabara. Ni mpango mzuri. Lakini mtaalamu aliyefundishwa kwa gharama kubwa, kisha akawekwa ofisini kuandika taarifa, hamfai mkaazi wa kisiwa kidogo. Tunaishauri Serikali iwaweke wataalamu hawa katika wilaya za Unguja na Pemba, iwape boti na mafuta, na isiwahamishe kabla hawajawajua masheha na wavuvi wa mahali hapo.

Liko jambo jingine zito zaidi. Kuvua kasa kumekatazwa na sheria, nasi twaiunga mkono sheria hiyo. Lakini baba anayeogopa kushitakiwa atasema wanawe wamekula samaki. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa, haina dawa maalumu, na yaweza kumfika mtoto mchanga kwa maziwa ya mama yake. Uongo mmoja kama huo utaiacha nyama katika vyungu vya majirani. Ndiyo maana twasema kwamba anayoambiwa mpelelezi wa maradhi yasipelekwe polisi. Wako watakaosema kuwa huko ni kuwalea wavunjaji wa sheria. Jawabu letu ni kwamba wenye kulinda kasa wanazo njia zao za baharini na sokoni. Kitanda cha mtoto mgonjwa si mahali pa kutafutia ushahidi.

Wakubwa nao wasimkaripie anayeleta hesabu mbaya. Ofisa akipunguza idadi ya wagonjwa ili wilaya yake ionekane safi, atazuia dawa zisifike kwa watu wake mwenyewe.

Nanyi wananchi, dalili ya mvua ni mawingu. Wakiugua watu watatu wa nyumba moja kwa siku moja, msingoje mazishi. Mpelekeeni habari sheha saa ile ile, na mpelelezi atakapobisha hodi, mwambieni yote mliyokula na kunywa.