Kubana matumizi Karatu na Ngorongoro

Kubana matumizi, yaani kujinyima kwa hiari leo ili kuepuka mkopo wa dharura kesho, kuna maana kubwa wilayani Karatu, kaskazini mwa Tanzania, ambako mapato ya waongoza watalii na wahudumu wa hoteli hupungua mno masika yanapoingia na ambako mwaka 2020, UVIKO-19 ilipokatiza safari za kimataifa, yalikaribia kukauka kabisa. Aliyekuwa na hisa katika VICOBA, yaani kikundi cha wanajamii cha kuweka na kukopa, au magunia machache ya mahindi stoo, alikuwa na pa kushika. Hata hivyo, akiba si fedha tu: mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, huizika shambani kama mbegu na mbolea, ilhali mfugaji wa Kimaasai ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako kilimo hakiruhusiwi, huiweka katika ng'ombe, ambao ukame huwakondesha na kuwashusha bei wakati uleule unga unapopanda. Kumhubiria mfugaji huyo apunguze sukari ya chai, ushauri unaopendwa mno na wenye mishahara, ni kukosea shabaha. Kinachomfaa zaidi ni kuuza madume wachache mapema, malisho yangali mabichi, na kununua mahindi kabla hayajaadimika.