Hata Zakayo alisema "kama"

Mei 28, 2025, kwenye maombi ya kitaifa, Rais Ruto aliwaomba vijana msamaha, kama kuna mahali serikali ilikosea. Kama! Tume ya haki za binadamu ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 60 waliouawa kwenye maandamano ya 2024.

Tangu siku hiyo, huku Eastlands, Kayole hadi Dandora, nasikia mahubiri yaleyale: vijana mna uchungu, sameheni msonge mbele. Mimi ni Mkristo na nasema huo ni uvivu wa madhabahuni. Pasta anakimbilia sabini mara saba za Mathayo 18, lakini Luka 17 anairuka, mahali Yesu anataja toba kabla ya kusamehe.

Halafu kuna Zakayo. Jina hilo tulimpachika rais kwa sababu ya ushuru, tukamwimbia ashuke mtini. Sasa soma Luka 19 vizuri: hata Zakayo wa Biblia alisema "kama" amemdhulumu mtu. Ila yeye hakuishia hapo. Nusu ya mali iende kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. "Kama" yake ilikuwa na bei. Ya kwetu haikumaliza hata mwezi: Juni 17 mchuuzi wa barakoa akapigwa risasi kichwani mchana kweupe katikati ya jiji, na Juni 25 wengine wakauawa.

Si mara ya kwanza, wasee. Machi 2015 Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zote zilizopita, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10. Waathiriwa wanangoja mpaka leo.

Kwa hivyo usiniambie mama wa Mathare anayekataa kusamehe ana roho ngumu. Kesi hana, fidia hana, hata jina la aliyefyatua risasi hajaambiwa. Amebaki na neno moja tu ambalo mwenye nguvu analihitaji kutoka kwake, na mnataka alitoe bure, Jumapili, kinanda kikilia. Kuachilia kisasi mbele za Mungu anaweza. Wengi wao walishafanya hivyo usiku, peke yao. Kutangaza kwamba yameisha ni kitu kingine, na pasta hana ruhusa ya kulitangaza kwa niaba yake.