Vyaelea Vimeundwa, na Muundaji Ana Jina

Mpenzi wa muziki wa Kizungu akitaka kujua simfoni ya tano ya Beethoven ilipigwa vipi chini ya uongozi wa Herbert von Karajan, hahangaiki. Ataambiwa kwamba kiongozi huyo aliirikodi mwaka 1962 pamoja na okestra ya Berlin Philharmonic, ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche katika kitongoji cha Dahlem mjini Berlin. Kwamba santuri za simfoni zote tisa zilitiwa katika kasha moja na kampuni ya Deutsche Grammophon na kuuzwa mwaka 1963. Kwamba Karajan alizirudia zote katika miaka ya sabini, akazirudia tena katika miaka ya themanini, kabla ya kufariki dunia mwaka 1989. Akitaka tangulizi za opera za Rossini, habari zake ni hizo hizo: jina, mahali, mwaka. Na akitaka kurudi nyuma zaidi, ipo santuri ya simfoni hiyo hiyo ya tano iliyorikodiwa mwaka 1913 chini ya Arthur Nikisch, enzi ambayo sauti ilikusanywa kwa pembe ya bati, kwani maikrofoni ilikuwa bado haijaingia katika kazi hiyo. Watu wanabishana hadi leo nani aliikimbiza sehemu ya kwanza na nani aliivuta. Wanaweza kubishana kwa sababu ushahidi upo na majina yapo.

Sasa mpenzi huyo na asafiri hadi Kabanga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Ni mji mdogo wa mpakani, katika nchi ya vilima na migomba, na ng'ambo ya mpaka ni Kobero ya Burundi. Wenyeji ni Wahangaza, na lugha yao na Kirundi huelewana bila ya mkalimani. Nchi hiyo ya Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana maeneo ya Wajerumani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na mstari wa wino ukapita katikati ya watu wa ngoma moja. Mgeni akiuliza huko ni nani aliyekuwa akiongoza ngoma miaka hamsini iliyopita, mkono wake ulikuwa mwepesi au mzito, aliianza polepole au kwa kishindo, hatapata santuri ya kumjibu. Atapata kumbukumbu za wazee, na wazee hupungua.

Wapo watakaosema kwamba ulinganisho huu haufai, kwa kuwa ngoma haina kiongozi kama okestra. Hao hawajaitazama ngoma. Ngoma za jamii hii huchongwa kutokana na gogo la mringaringa, mti ambao Warundi huuita umuvugangoma, yaani uisemeshao ngoma. Huwambwa ngozi ya ng'ombe na kupangwa nusu duara. Katikati hukaa inkiranya. Nyingine, amashakwe, hushika mwendo mmoja usiobadilika. Nyingine tena, ibishikizo, hufuata mapigo yanayoamriwa na inkiranya. Aliyesimama mbele ya inkiranya hutoa ishara kwa mwili mzima, kwa kuruka, kwa mkono, kwa jicho, na kundi zima hugeuza mapigo kwa wakati mmoja. Kazi ya Karajan ni hiyo hiyo, ila yeye alitumia kijiti, tena mara nyingi akiwa amefumba macho. Tofauti iliyopo ni kwamba wapigaji hupokezana mbele ya inkiranya, kila mmoja na zamu yake na madaha yake. Basi ngoma moja ina viongozi kadhaa. Hilo lingetudai tuandike majina zaidi, si tuache kuyaandika.

Hoja ya pili ndiyo inayopendwa zaidi na wasomi. Husemwa kwamba ngoma ni mali ya jamii, haina mtunzi wala mwenyewe, na kwamba kutafuta jina la mtu mmoja ni ugonjwa wa Kizungu. Maneno haya yana sura ya heshima, lakini yafaa yapimwe kwa matunda yake. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirikodi muziki nchini Burundi, na mwaka 1968 santuri ikatolewa na Ocora ya Ufaransa. Mwaka 1971 mtayarishaji Mike Steiphenson aliichukua sauti ya ngoma kutoka katika santuri hiyo, akaipakaza gitaa na kinanda, akaiita "Burundi Black", nayo ikaingia katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliitumia sauti ya wapiga ngoma wa Burundi katika wimbo wake "The Jungle Line". Mwanzoni mwa miaka ya themanini makundi ya vijana wa London yakajenga mtindo mzima juu ya mapigo hayo. Katika mlolongo huo kila mtu ana jina: aliyerikodi, aliyechanganya, aliyeimba juu yake, hata kampuni iliyouza. Waliopiga huitwa "wapiga ngoma wa Burundi". Hayo ndiyo matunda ya kusema kwamba kitu ni cha wote: kilikuwa cha wote mpaka alipotokea mmoja akakitia sahihi yake.

Tena si kweli kwamba utamaduni wenyewe unadharau majina. Ngoma kuu ya ufalme wa Burundi iliitwa Karyenda. Huko Gishora, karibu na Gitega, ngoma zilizohifadhiwa tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo zina majina yao, Ruciteme na Murimirwa. Kazi ya kupiga ilikuwa ya koo maalumu, na ukoo ni nini kama si mnyororo wa majina? Watu wanaoipa ngoma jina la heshima hawawezi kuwa ndio waliotaka mpigaji wake asiwe na jina. Kutotajwa huko kulianza pale kinasa sauti kilipowekwa chini na mwenye kinasa akaona kwamba kuandika jina la kijiji kwatosha.

Wala haisaidii kusema kwamba zama zile haikuwezekana. Hugh Tracey, aliyepita Tanganyika na gari lake la kurikodia mwaka 1950, aliandika kadi kwa kila wimbo: nani ameimba, ala gani, lugha gani, mahali gani. Maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 ipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtu anaweza kumlaumu Tracey kwa mengi, pamoja na hilo la sauti za watu wa Tanganyika kulala Afrika Kusini. Lakini kadi zake zinatusuta. Mgeni aliyepita njia aliona vyema kuandika jina. Wenyeji wenye redio, wizara na vyuo wameona uvivu.

Wasomaji wa pwani wasidhani kwamba hii ni habari ya bara, ya watu wa mbali na ngoma zao. Maradhi hayo hayo yamo ndani ya nyumba yao. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, za kwanza za Kiswahili kwa mwanamke wa visiwa hivi. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na jina lake limebaki. Lakini ni mara ngapi kanda ya taarab iliyouzwa Unguja au Mombasa ilimtaja mwimbaji na kikundi, ikamwacha mtunzi wa shairi? Mpiga fidla je, na mpiga ganuni? Na yule aliyekaa mbele ya wenzake akiwaongoza kwa kichwa, akijua wapi kibwagizo kirudi na wapi kiachwe? Washairi wa pwani wamekuwa wakilalamika juu ya jambo hili kwa muda mrefu, nao wana haki. Basi washairi hao hao, wanapokwenda tamashani na kupiga makofi kwa "ngoma ya asili kutoka Kagera" pasipo kuuliza nani anayeongoza, wanamtendea mwenzao walilotendewa wao.

Ipo hoja ya tatu, na hii inastahili kujibiwa kwa upole kwa sababu wanaoisema wanaipenda ngoma. Wanasema kwamba ngoma ikitiwa ndani ya mashine hufa; kwamba uhai wake uko katika vumbi, jasho na jua, na kwamba santuri ni jeneza. Kila mwenye kufanya kazi ya tafsiri ameyasikia maneno haya juu ya shairi: likihamishwa kutoka lugha yake, linakufa. Kweli lipo linalopotea. Lakini simfoni nayo, iliyoandikwa juu ya karatasi, ni wino tu mpaka kiongozi wa okestra aifasiri; na Karajan aliifasiri ile ya tano mara kadhaa, wala hakuna tafsiri yake moja iliyozifuta nyingine. Rikodi haidai kuwa ndiyo ngoma. Ni tafsiri moja, ya siku moja, ya mkono mmoja. Kwa hiyo ndipo inapohitaji jina na tarehe, ili anayekuja baadaye ajue anasikiliza tafsiri ya nani, apate kuleta ya kwake. Tafsiri isiyo na jina la mfasiri hugeuka kuwa sheria. Watu hudhani ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Kuna hatari nyingine pia katika kitu kisicho na mwenyewe, nayo ni kwamba dola hujiona ndiyo mwenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais wa nchi hiyo iliwakataza wanawake kuipiga, ikavitaka vikundi vijisajili, na ikaweka ruhusa na malipo kwa maonyesho. Amri hiyo haivuki mpaka wa Kobero. Upande wa Kabanga mwenye kutaka kupiga hupiga. Lakini uhuru huo ni dhaifu ikiwa hakuna ushahidi kwamba upande huu nao una mabingwa wake, wenye majina, waliopiga kwa namna yao. Wilaya ya Ngara ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi na Rwanda katika miaka ya tisini. Radio Kwizera ilianzishwa huko mwaka 1995 kwa ajili yao, na kambi ya Lukole ikafungwa mwaka 2008. Watu waliorudi kwao walikwenda na mapigo yao. Yaliyobaki Kabanga yasipoandikwa, siku moja itasemwa kwamba hayakuwahi kuwapo.

Na Kabanga haikosi watu wenye kuandika kwa uangalifu. Chini ya ardhi yake mna nikeli. Mwezi wa Januari 2021 serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel, na serikali ikapewa asilimia 16. Kazi ya kutafuta madini ina desturi yake: kila kipande cha mwamba kinachotolewa na mashine ya kuchoronga huwekwa sandukuni, kikaandikwa namba ya shimo na kina kilikotoka. Hakuna mtaalamu atakayekubali kipande kisicho na maandishi, kwa sababu jiwe lisilojulikana lilikotoka halina thamani. Kanuni hiyo ya mawe ni ya haki, nayo iwahusu binadamu wa juu ya ardhi hiyo hiyo.

Linalodaiwa si kubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara imezigusa sanaa za jadi, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Sheria zipo, kinachokosekana ni kadi. TBC ina kanda zilizorithiwa kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na ZBC ina zake; kila kanda itakayohamishwa kwenda katika kompyuta iandikwe, maadamu wapo wanaozikumbuka sauti hizo, nani aliongoza, nani alitunga, wapi na lini. Kila tamasha linaloalika ngoma lichapishe jina la kiongozi kwa herufi zile zile zinazotumika kwa mwimbaji wa taarab. Kila kijana anayeinua simu yake kurikodi arusi Kabanga, Makunduchi au Lamu aulize swali moja kabla ya kuondoka: unaitwa nani? Majina yakipokezana mbele ya inkiranya, yaandikwe yote kwa zamu zake.

Hakuna anayetaka ibada ya kiongozi kama ile iliyomzunguka Karajan, ambayo jina lake juu ya kasha lilishindana na la Beethoven mwenyewe. Ngoma ya Kabanga ina hekima ya kupokezana, na hekima hiyo ibaki. Lakini wahenga waliposema kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, walikuwa wakituelekeza tumtafute fundi. Sisi tumeishia kukisifu chombo. Na fundi wa Kabanga, mwenye mikono yenye sugu na mapigo ambayo hakuna aliyeyaandika, akiulizwa leo jina lake, angali yupo wa kujibu.