Mwangwi Ufundishwe kwa Hesabu Kwanza

Katika Pure Data, programu iliyobuniwa na Miller Puckette katika miaka ya 1990, mwanafunzi hutunga sauti kwa kuunganisha visanduku kwa nyaya zilizochorwa kwenye kioo cha kompyuta. Akitaka mwangwi, aghalabu huchukua waya wa mwisho akaurudisha mwanzo. Programu humkatalia. Mwalimu humwamuru atumie visanduku vya delwrite~ na delread~. Hutii, na mwangwi husikika. Kwa maoni yetu, hapo somo halijafundishwa, bali limerukwa.

Katazo hilo lina sababu. Kila kisanduku hukokotoa baada ya kupokea matokeo ya kile kilichotangulia. Nyaya zikifanya duara, hakuna cha kutangulia; kila kimoja chamngoja mwenzake. Ucheleweshaji hulikata duara hilo, kwa kuwa kinachosomwa sasa ni sauti iliyokwisha kuandikwa. Nayo Pure Data, isipobadilishwa, hukokotoa kwa mafungu ya sampuli 64. Hivyo mrejesho hauwezi kuwa mfupi kuliko fungu moja, yaani milisekunde 1.45 hivi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde.

Kabla ya kuwasha vipaza sauti, yafaa wanafunzi washike kalamu. Sauti yenye kimo cha 1, ikirudishwa kwa kizidisho cha 0.5, huwa 0.5, kisha 0.25, kisha 0.125, katika marudio ya 10 haifiki hata 0.001. Kizidisho kikiwa 1, mwangwi haufi, na kila sauti mpya hulundikana juu yake: haba na haba hujaza kibaba. Kikiwa 1.1, marudio ya 10 hufikia 2.59, ilhali kikomo cha sauti isiyokwaruza ni 1. Darasa litatambua lenyewe kwa nini kizidisho kibaki chini ya 1, tena bila kuumiza masikio.

Wako watakaosema kwamba hesabu huwavunja moyo waliokuja kujifunza muziki. Lakini huku ni kuzidisha kwa shule ya msingi tu. Aliyekariri majina ya visanduku atakwama akihamia programu ya Max, ambamo kazi hiyo hufanywa na tapin~ na tapout~. Aliyeelewa sababu atauliza tu jina jipya, kisha ataendelea na kazi yake.