Zebaki ya Ziwani na Zebaki ya Bafuni

Katika miaka ya 1990 kundi la watafiti lililoongozwa na Profesa Masazumi Harada wa Japani lilipima zebaki katika nywele za wachimbaji wadogo wa dhahabu, wavuvi pamoja na jamaa zao, na wakazi wa mji wa Mwanza. Sababu ilikuwa wazi. Wachimbaji wa kusini mwa Ziwa Viktoria hutumia zebaki kunasia dhahabu, na Wajapani walikwisha kufundishwa na msiba wa Minamata, uliogunduliwa mwaka 1956, jinsi zebaki inayomwagwa majini inavyomrudia binadamu kwa njia ya samaki. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalielekeza kidole kwingine. Miongoni mwa waliokutwa na kiwango kikubwa mno walikuwamo wakazi wa mjini wasiochimba dhahabu, na zebaki yao ilitokana na sabuni ya kujichubua. Sumu iliyotafutwa ziwani ilikuwa bafuni.

Chumvi ya zebaki huizuia ngozi isitengeneze rangi yake ya asili. Haikomei hapo, bali hupenya na kuingia katika damu, ikaziharibu figo. Na mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 60 wa figo waliowachunguza, zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi.

Na Ulaya ilifanya nini? Mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake, isipokuwa kwa matumizi machache kama vipodozi vya macho, huku viwanda vya huko vikiendelea kutengeneza sabuni hizo kwa ajili ya Afrika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2003 ndipo sheria yao ikazuia kuziuza nje. Bidhaa iliyohesabiwa kuwa sumu kwa Mzungu iliendelea kuwa urembo kwa Mwafrika, na Mwafrika akailipia.

Chama hakikulala. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, lililopiga vita sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Nia ilikuwa kung'oa kasumba ya kikoloni. Hata hivyo ni haki kusema kwamba utekelezaji ulikosea njia: wasichana walisumbuliwa mabarabarani, na mwenye kuagiza makasha ya krimu akaendelea kuhesabu fedha zake. Kosa hilo halifai kurudiwa.

Mtu anayeidharau rangi nyeusi na awatazame ndugu zetu wenye ualbino wa Kanda ya Ziwa, ambao ngozi zao hazina kinga hiyo. Wao huhitaji losheni maalumu ili jua lisiwaletee saratani, na KCMC ya Moshi hutengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Kinga ambayo mmoja huisaka kwa shida, mwingine huikwangua kwa fedha yake mwenyewe.

Hakuna anayepinga urembo. Mafuta ya nazi, samli, hina mkononi siku ya arusi, poda inayolingana na uso wa mwenyewe: hayo hayajawahi kumpeleka mtu Bugando. Kinachopingwa ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu unaokorogwa vyumba vya uani na kuuzwa katika vikopo visivyo na jina la kiwanda wala orodha ya viungo.

Sheria zipo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata. Na mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua kwamba ifikapo 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe, kisiingizwe wala kisiuzwe nje. Kikopo kisicho na jina, hata hivyo, hakisomi mikataba. Kazi inabaki kwa mkaguzi anayepita dukani, ofisa forodha aliyeko bandarini na mpakani, na mwalimu anayesimama mbele ya wasichana wa kidato cha kwanza akiwa na uso wa rangi moja na vidole vya rangi nyingine. Inabaki pia kwa mkuu wa ofisi ambaye, anapochagua wa kuketi mapokezi, hupenda "yule mweupe mweupe", halafu jioni hulaumu wasichana kwa kupenda mkorogo.